Karani wa Kituo cha Kura Nchini Kenya

Karani wa kituo cha kura ni mtu anayeajiriwa kwa siku chache na Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, IEBC, ili aendeshe upigaji na uhesabuji wa kura katika kituo kimoja. Hana ofisi wala cheo cha kudumu, na uchaguzi ukiisha hurudi alikotoka: darasani, dukani, shambani au kwenye benchi la wanaosubiri kazi. Mkubwa wake ni msimamizi wa kituo, ambaye ana naibu wake. Hao nao ni watu wa muda. Hata hivyo, matokeo ya mwakilishi wadi, ya gavana na ya rais yote huanzia kwenye karatasi wanayoijaza wao, na mahakama za Kenya zimekwisha kuamua kwamba hesabu iliyofungwa kituoni haigeuzwi na mtu aliyeketi Nairobi.

Kwa hiyo ni ajabu kwamba tunaijua sana sura ya mwenyekiti wa tume, tunayemwona kwenye televisheni siku moja kila miaka mitano, na hatumjui yule kijana aliyekesha na kalamu.

Kutoka mlolongo hadi fomu

Wakenya waliokuwa watu wazima mwaka 1988 wanakumbuka uchaguzi ambao afisa wake hakuwa na karatasi ya kuhesabu. Katika mchujo wa KANU, kilichokuwa chama pekee, wapigakura walijipanga nyuma ya mgombea waliyemtaka au nyuma ya mtu aliyeshika picha yake, na afisa akapita akihesabu vichwa. Utaratibu huo uliitwa mlolongo. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 alihesabiwa kuwa amepita bila kupingwa, na kuna mahali ambapo mstari mfupi ulitangazwa kuwa mrefu mbele ya macho ya waliokuwa wamesimama ndani yake. Watu walipotawanyika kwenda makwao, ushahidi ulitawanyika nao. Mali bila daftari hupotea bila habari, wahenga walisema. Mwaka ule mali yenyewe ilikuwa kura.

Uchaguzi wa vyama vingi uliporejea mwaka 1992 kura ilikuwa ya siri, ila masanduku yalifungwa vituoni na kupelekwa kwenye ukumbi wa kuhesabia. Safari ile, usiku, barabara mbovu, mawakala waliopata usafiri wakilifuata gari kwa nyuma, ilizaa shaka kuliko hatua nyingine yoyote. Katika uchaguzi wa 2002 ndipo kura zilipohesabiwa pale pale zilipopigwa. Badiliko hilo halitajwi sana, kwa kuwa watu wanaukumbuka mwaka 2002 kwa ushindi wa Mwai Kibaki na muungano wa NARC, lakini kwa maoni yangu ndilo lililomtoa karani kwenye kazi ya kugawa karatasi likampa kazi ya kutoa matokeo.

Mwaka 2007 ulionyesha upungufu uliobaki. Kura zilihesabiwa vituoni, kisha hesabu zikavurugika zilipokuwa zikijumlishwa. Ghasia zilizofuata ziliua watu zaidi ya 1,100. Samuel Kivuitu, aliyekuwa mwenyekiti wa tume ya uchaguzi wakati huo, alisema hadharani kwamba hakujua kama kweli Kibaki alikuwa ameshinda. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Jaji Johann Kriegler wa Afrika Kusini ilitoa ripoti yake mwaka 2008 na kueleza kwamba uchaguzi ulikuwa umevurugika kiasi kwamba mshindi wa kweli hangeweza kujulikana. Tume ya zamani ikavunjwa.

Katiba ya 2010 ilikuja na dawa yake katika ibara ya 86: kura zihesabiwe, zijumlishwe na matokeo yatangazwe mara moja na msimamizi wa kila kituo. Wakati wa maandalizi ya uchaguzi wa 2017 bado kulikuwa na waliodhani kwamba makao makuu yanaweza kusahihisha tarakimu zinazoletwa kutoka mashinani. Mwanaharakati Maina Kiai na wenzake wakaenda mahakamani, na mwezi Juni 2017 Mahakama ya Rufani ikaamua kuwa kituo cha kura ndipo mahali ambapo uamuzi wa mpigakura unapatikana, na kwamba matokeo yaliyotangazwa huko na katika eneobunge hayabadilishwi na tume. Miezi miwili na ushei baadaye, tarehe 1 Septemba, Mahakama ya Juu chini ya Jaji Mkuu David Maraga ilibatilisha uchaguzi wa rais wa tarehe 8 Agosti. Miongoni mwa sababu ilikuwa namna matokeo yalivyopelekwa na hitilafu za fomu. Ni fomu, si hotuba za wagombea, zilizomrudisha Mkenya kwenye foleni mwezi Oktoba.

Anayefaa, na anavyopatikana

Nafasi hizi hutangazwa na tume miezi kadhaa kabla ya uchaguzi, na ofisi ya IEBC ya eneobunge ndiyo mahali pa kuulizia. Mwombaji awe raia wa Kenya mwenye kitambulisho, awe amemaliza angalau kidato cha nne ikiwa anataka ukarani (msimamizi wa kituo hutakiwa elimu zaidi ya hiyo), aweze kutumia kifaa cha kielektroniki, na asiwe mshabiki wa chama wala wa mgombea. Hupewa kipaumbele wakazi wa eneo lenyewe, na hapo kuna faida na hasara. Mkazi anajua njia ya kufika kituoni mvua ikinyesha, anazungumza lugha ya bibi asiyejua Kiswahili, na hawezi kudanganywa kwamba fulani ni marehemu. Lakini mkazi huyo huyo ana shemeji anayegombea uwakilishi wadi, na shemeji huyo ana namba yake ya simu.

Kuhusu uanachama kuna mtego ambao wengi hawaujui. Mwaka 2021, orodha za vyama zilipowekwa mtandaoni ili kila mtu ajikague, Wakenya wengi walishtuka kujikuta wanachama wa vyama ambavyo hawajawahi kukanyaga ofisi zake. Namba zao za vitambulisho zilikuwa zimechukuliwa bila wao kujua. Anayenuia kuomba ukarani na ajikague mapema kupitia huduma ya Msajili wa Vyama vya Siasa kwenye eCitizen, na akijikuta amo, ajiondoe. Kusema “sikujua” siku jina lako likipingwa hakukusaidii.

Kupingwa kwenyewe kumo ndani ya sheria. Kanuni za uchaguzi zinaitaka tume kuwapa vyama na wagombea huru orodha ya watu inaokusudia kuwateua kuwa wasimamizi wa vituo na manaibu wao, angalau siku 14 kabla ya uteuzi, ili mwenye neno aseme. Kwenye wadi ndogo orodha hiyo husomwa kwa makini kuliko gazeti. Wapo wanaopinga jina kwa sababu ya ukoo tu, na wapo wenye hoja ya kweli, kwa mfano kwamba mtu huyo alionekana jukwaani akivaa fulana ya mgombea. Malalamiko kwamba kazi hizi hugawiwa kwa kujuana nayo hayakosekani kila msimu, na dawa pekee ninayoijua ni hiyo orodha kuwekwa wazi na watu kuisoma.

Ushauri wangu kwa anayeanza ni asingojee uchaguzi mkuu. Kiti cha uwakilishi wadi kikibaki wazi kwa kifo, kujiuzulu au uamuzi wa mahakama, hufanyika uchaguzi mdogo, na huo ndio shule nzuri. Mpigakura hupewa karatasi moja badala ya sita na sanduku ni moja, huku hesabu ikimalizika kabla ya usingizi kumlemea mtu. Tarehe 27 Novemba 2025, kwa mfano, palikuwa na chaguzi ndogo za ubunge Malava, Magarini na Banissa, za useneta Baringo, na za wadi kadhaa kwingineko. Aliyefanya kazi siku hiyo ataingia uchaguzi mkuu akiwa ameshazoea mkao wa kiti.

Waliochaguliwa hupata mafunzo ya siku chache. Hufundishwa kufungua na kufunga sanduku kwa lakiri, kutumia kifaa cha kutambua wapigakura, kujaza fomu za majaribio na kushughulika na mtu mlevi, mgonjwa au mkorofi. Halafu kuna kiapo. Kila mmoja huapa kutunza siri ya kura, na kuanzia hapo si raia wa kawaida tena: Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya mwaka 2016 inamtishia mfanyakazi wa tume anayeghushi hesabu au kuzuia kura halali kwa faini ya hadi shilingi milioni moja, kifungo cha hadi miaka mitano, au vyote viwili.

Siku yenyewe

Kituo cha kura mara nyingi ni darasa la shule ya msingi. Ukutani kuna alfabeti na picha ya mfumo wa mmeng’enyo wa chakula, madawati yamesukumwa kando, na msimamizi wa kituo amelala humo humo usiku wa jana, kichwa karibu na masanduku, kwa sababu vifaa vikishakabidhiwa haviachwi peke yake. Sheria inaweka ukomo wa wapigakura 700 kwa kila kituo, hivyo shule moja kubwa inaweza kuwa na vituo vitano au sita, na watu hugawanywa kwa herufi za majina. Mwaka 2022 vituo vilikuwa 46,229 kwa wapigakura 22,120,458 waliosajiliwa.

Milango hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Kabla ya hapo masanduku huinuliwa na kupinduliwa mbele ya mawakala wa wagombea, kila mtu aone ni matupu, kisha hufungwa kwa lakiri zenye namba. Namba hizo huandikwa kwenye shajara ya kituo. Karani mgeni huona hilo kama maigizo. Atajua maana yake saa ishirini baadaye, wakala mmoja atakaposimama na kudai kwamba sanduku lilibadilishwa, na msimamizi akafungua shajara akamsomea namba ya lakiri tarakimu kwa tarakimu.

Makarani hugawana kazi. Mmoja hupanga foleni na kuwatanguliza wazee, wagonjwa, wajawazito na wenye watoto mgongoni. Mwingine hupokea kitambulisho au pasipoti na kumwelekeza mpigakura aweke kidole kwenye kifaa cha KIEMS, kompyuta ndogo yenye kisomaji cha alama za vidole iliyoanza kutumika mwaka 2017. Wengine hutoa karatasi za kura na kuzipiga muhuri, mwingine huangalia masanduku, na wa mwisho hupaka wino kidoleni. Kazi ya masanduku huonekana rahisi kuliko zote, mpaka uione foleni ya watu wenye karatasi sita mkononi. Mwaka 2022 ya rais ilikuwa nyeupe, ya gavana buluu, ya seneta njano, ya mwakilishi wa kike zambarau, ya mbunge kijani, na ya mwakilishi wadi rangi ya kahawia hafifu. Vifuniko vya masanduku vilikuwa na rangi hizo hizo. Hata hivyo kila kituo kina mtu anayezitumbukiza zote sita kwenye sanduku moja, na karani hana ruhusa ya kuzigusa.

Kifaa cha kidole kina adabu yake. Vidole vya mchuma majani chai, fundi wa mawe au mzee aliyelima maisha yake yote vinaweza kukataa kusomeka. Karani aliyefundishwa vyema humwambia anawe mikono, apanguse, ajaribu kidole kingine. Ikishindikana, jina hutafutwa kwa namba ya kitambulisho, picha inayotokea kwenye kioo hulinganishwa na uso uliopo, na fomu maalumu, 32A, hujazwa mbele ya mawakala. Mtu aliyesajiliwa harudishwi nyumbani kwa kosa la ngozi yake. Kifaa chote kikifa, inabaki sajili ya karatasi, kwa idhini ya tume. Ilitumika mwaka 2022 katika sehemu za Kakamega na Makueni.

Mpigakura asiyeona au asiyejua kusoma huruhusiwa kusaidiwa na mtu aliyemchagua mwenyewe, mwenye umri wa miaka 18 au zaidi, baada ya msaidizi huyo kuapa kutunza siri. Msaidizi mmoja, mpigakura mmoja. Asipokuwa na wake, msimamizi wa kituo humsaidia mbele ya mawakala, naye hutamka kwa sauti jina la anayemtaka. Hapo karani hutakiwa awe kama kiziwi.

Makosa mengine hayatoki kituoni. Mwaka 2022, uchaguzi wa gavana wa Mombasa na wa Kakamega uliahirishwa baada ya kugunduliwa kwamba karatasi za kura zilikuwa na picha za wagombea wasio wa kaunti hizo, na watu wakarudi foleni tarehe 29 Agosti. Makarani wa kaunti hizo walibeba lawama za kosa la kiwanda cha uchapishaji, wakieleza jambo hilo hilo kwa kila aliyefika kwenye meza.

Saa kumi na moja jioni kituo hufungwa. Aliyeko kwenye foleni kwa wakati huo hupiga kura hata ikifika usiku. Karani husimama mwishoni mwa mstari ili asiongezeke mwingine. Halafu kazi ya kweli huanza.

Kuhesabu

Sanduku la rais hufunguliwa kwanza. Karatasi humwagwa mezani, zikakunjuliwa moja moja, na msimamizi wa kituo huinua kila moja, hutaja jina na huionyesha kwa mawakala kabla ya kuiweka kwenye fungu lake. Mawakala huweka alama kwenye madaftari yao: mistari minne, wa tano ukiikata. Taa ni ya betri, nje mbwa wanabweka, na mtu ameamka tangu saa tisa usiku wa jana.

Ubishi mkubwa huwa juu ya karatasi zilizochorwa vibaya. Kanuni zinasema karatasi hukataliwa ikiwa haina alama za usalama za tume, ikiwa imewekewa alama kwa zaidi ya mgombea mmoja, ikiwa haikuwekwa alama yoyote, au ikiwa imeandikwa kitu kinachomtambulisha aliyeipiga. Lakini kanuni hizo hizo zinasema alama iliyowekwa si mahali pake au kwa namna isiyo ya kawaida haiibatilishi kura ikiwa nia ya mpigakura ni dhahiri. Chukua karatasi hii: kuna alama ya X yenye wino mzito mbele ya mgombea wa pili, na doa hafifu la umbo hilo hilo, limegeuka kama kwenye kioo, mbele ya mgombea wa tano. Wakala wa mgombea wa pili anasema ni kura yao. Wakala wa tatu, ambaye hana la kupata wala kupoteza, anapiga kelele kuliko wote kwamba imeharibika. Msimamizi anaikunja karatasi polepole kwenye mikunjo yake ya zamani na kuwaonyesha jinsi X ya kwanza ilivyokutana na mahali pa doa wino ukiwa haujakauka. Kura ni ya mgombea wa pili. Kazi hiyo imemchukua nusu dakika, na imeokoa kura ya mtu ambaye pengine alitembea kilomita nane.

Tofauti kati ya iliyoharibika na iliyokataliwa nayo huwachanganya hata waandishi wa habari. Mpigakura akikosea kabla ya kutumbukiza, anarudisha karatasi na kupewa nyingine. Ile ya kwanza ndiyo iliyoharibika, nayo haiingii sandukuni. Iliyokataliwa ni ile iliyotoka ndani ya sanduku. Mwaka 2013 jambo hili lilifika Mahakama ya Juu. Uhuru Kenyatta alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.07, kura zilizokataliwa zikiwa zimejumuishwa kwenye hesabu ya jumla, na mahakama ikaamua kwamba hazikupasa kujumuishwa. Pale ambapo mtu anavuka nusu kwa uzi mwembamba namna hiyo, fungu dogo la karatasi zilizokataliwa kwenye pembe ya meza si takataka.

Kisha hujazwa fomu. Ya rais ni 34A, ya mwakilishi wadi ni 36A. Zinaandikwa idadi ya waliosajiliwa, kura za kila mgombea, zilizokataliwa, zilizobishaniwa, na jumla ya kura halali. Tuseme kituo kina watu 612, kifaa kimewatambua 431, na sandukuni zimetoka karatasi 431. Wagombea wote kwa pamoja wana 424, zilizokataliwa 7. Hapo karani anaweza kupumua. Lakini wagombea wakiwa na 430 na zilizokataliwa zikiwa 7, kuna mtu amehesabu fungu moja mara mbili au amesoma 1 kama 7, na dawa si kurekebisha tarakimu ili zilingane bali ni kurudi kwenye karatasi. Wakala au mgombea anaruhusiwa kuomba kura zihesabiwe upya, si zaidi ya mara mbili. Karani aliyechoka humwona adui. Karani mwerevu hushukuru, kwa sababu kosa likigunduliwa usiku huo ni kosa la kawaida, likigunduliwa mahakamani ni ushahidi.

Msimamizi na naibu wake hutia saini, mawakala nao hutia saini au huandika sababu ya kukataa. Kukataa kwao peke yake hakubatilishi matokeo. Nakala moja hubandikwa mlangoni. Ya rais hupigwa picha kwa kifaa cha KIEMS na kutumwa, kisha fomu na masanduku vyote huondoka kwa ulinzi wa polisi hadi kituo cha kujumlishia kura cha eneobunge. Wakati msimamizi wa uchaguzi wa eneobunge anapomtangaza mwakilishi wadi na mbunge, anasoma jumla ya fomu hizo tu. Gavana, seneta na mwakilishi wa kike hutangazwa katika kiwango cha kaunti.

Nguvu ya karatasi hizo ilionekana Agosti 2022. Picha za fomu 34A zilikuwa zinawekwa kwenye tovuti ya umma kadiri zilivyofika, na vyombo vya habari, vyama na vijana wenye kompyuta zao wakajumlisha wenyewe. Tarehe 15 Agosti makamishna wanne kati ya saba waliyakana matokeo ya urais yaliyotangazwa na mwenyekiti wao Wafula Chebukati, yaliyompa William Ruto kura 7,176,141 na Raila Odinga 6,942,930. Tume ilikuwa imegawanyika katikati, hadharani. Fomu hazikugawanyika. Mahakama ya Juu ilipozichunguza haikupata tofauti ya maana kati ya zile za tovuti na zile halisi, na tarehe 5 Septemba majaji wote waliyathibitisha matokeo.

Upande mchungu

Posho ya karani si kubwa, na mara nyingi humfikia akiwa ameshaacha kuizungumzia. Mkono mtupu haulambwi, na mgombea anajua hivyo, ndiyo maana hongo hutafuta mlango wa karani kabla ya kutafuta wa hakimu. Kuna hofu pia. Mwaka 2022 msimamizi wa uchaguzi wa Embakasi Mashariki alitoweka akiwa kazini na mwili wake ukapatikana siku chache baadaye. Yeye alikuwa wa ngazi ya eneobunge, lakini habari ile ilisikika katika kila darasa lililowahi kuwa kituo cha kura. Karani anayerudi nyumbani usiku baada ya uchaguzi wenye ushindani hafai kurudi peke yake, na hafai kabisa kusimulia mambo ya kituoni kwenye kikundi cha WhatsApp cha ukoo.

Si kila nchi jirani imelipanga jambo hili hivi. Tanzania ina uchaguzi wa serikali za mitaa unaosimama peke yake, wa wenyeviti wa vijiji, mitaa na vitongoji pamoja na wajumbe wao. Wa karibuni ulifanyika tarehe 27 Novemba 2024 chini ya TAMISEMI, ofisi ya serikali inayoshughulikia tawala za mikoa na serikali za mitaa, si chini ya tume ya uchaguzi, na hilo limekuwa hoja ya wapinzani kwa miaka mingi. Kenya haina uchaguzi wa namna hiyo. Chifu na naibu wake huteuliwa na serikali, mzee wa kijiji hapigiwi kura za karatasi, na ngazi ya chini kabisa inayofika kwenye sanduku ni wadi, ambazo ni 1,450 nchi nzima. Kwa hiyo karani wa Kenya hufanya kazi ya uchaguzi wa mtaani na wa taifa siku moja, kwa mikono ile ile, na kura ya mwakilishi wadi, inayomgusa jirani yake kuliko zote, huhesabiwa baada ya ile ya rais, saa ambazo macho hayaoni vizuri. Hilo naliona kosa la mpangilio. Uchaguzi wa wadi huamuliwa kwa kura chache kuliko urais, na kura zake zinastahili macho yaliyopumzika.

Uchaguzi mkuu ujao, kwa hesabu ya Katiba ya Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano, ni tarehe 10 Agosti 2027. Wewe unayetaka kuwa karani, jikague kwenye orodha za vyama sasa, tembelea ofisi ya IEBC ya eneobunge lako uulize tangazo litatoka lini, na jizoeze kuandika 1 na 7 zisizofanana.